LDA inanipa jibu zuri ajabu kwenye unene mmoja tu wa nukta ya kwanta, nikiibana zaidi inaporomoka. Kosa ni la programu yangu au la funksheneli?

Tabaka_Bapa

Wakuu, habari za kazi.

Naomba macho ya mtu mwingine kwenye hesabu hii, maana mimi nimeitazama mpaka siioni tena.

Niko kwenye tasnifu ya uzamili kuhusu nukta za kwanta, zile atomu za kutengenezwa ambamo elektroni chache hufungiwa ndani ya mtego. Swali langu ni moja: makadirio ya kawaida ya DFT (njia ya kukokotoa nishati kutokana na msongamano wa elektroni; LDA ndiyo kadirio lake jepesi kabisa, na fomula ya kadirio huitwa funksheneli), yaliyozaliwa na kulelewa kwenye gesi ya elektroni ya pande tatu, yanafaa kiasi gani pale elektroni zinapobanwa hadi zikaribie kuwa za pande mbili?

Nimechukua mfano mwepesi kuliko yote niliyoweza kuufikiria. Elektroni mbili, spini zinapingana, zote zimekaa kwenye obiti ileile yenye umbo la Gauss. Kwa upana (x na y) obiti ni ya mtego wenye ukali ω = 1 katika vipimo vya atomu. Kwa kimo (z) naibana, na upana wa msongamano upande huo nauita a, maana yake msongamano unapungua kama exp(−z²/a²). Ikiwa a = 1 nukta ni mviringo kama mpira. Kadiri a inavyoshuka ndivyo nukta inavyozidi kuwa bapa. Obiti nimeigandisha makusudi, sitaki ijirekebishe, kwa sababu nataka kupima kitu kimoja tu: nishati ya mbadilishano, ile inayotokana na elektroni za spini moja kukwepana na inayofuta elektroni kujisukuma yenyewe. Korelesheni, yaani namna nyingine ambazo elektroni hukwepana kwa kusukumana, sijaigusa.

Uzuri wa elektroni mbili kwenye obiti moja ni kwamba ukweli unajulikana. Mbadilishano kamili ni nusu ya nishati ya Hartree (msukumano wa kawaida wa wingu zima la elektroni), yenye alama ya kutoa. Kwa hiyo naweza kuweka ukweli na LDA bega kwa bega. Nimepata hivi, kwa hartree (kipimo cha nishati cha atomu):

a = 1: kamili −0.798, LDA −0.682
a = 0.5: kamili −0.965, LDA −0.859
a = 0.25: kamili −1.086, LDA −1.083
a = 0.1: kamili −1.179, LDA −1.469
a = 0.01: kamili −1.245, LDA −3.166

Mwanzoni niliishia kwenye 0.25. Niliona tofauti ya chini ya nusu asilimia nikafurahi sana, nikaandika kwenye sura ya tatu kwamba "LDA huimarika kadiri mfumo unavyokuwa mwembamba". Msimamizi wangu alisoma sentensi hiyo, akaniambia niongeze nukta moja tu ya hesabu upande wa kushoto. Nikaongeza. Ndiyo hiyo −1.469.

Tangu hapo nina wiki tatu. Wavu wa pointi kwenye z nimeuongeza mara nane, tarakimu hazikutikisika. Nimebadilisha njia ya kujumlisha, hola. Nikajaribu PBE nikiamini kwamba funksheneli inayozingatia mteremko wa msongamano itaokoa jahazi. Ikazidi kuharibu.

Je, nina kosa kwenye programu? Na kama sina, ule mstari wa 0.25 niuelewe vipi?

---

Penseli_na_Karatasi

Karibu sana, na nakupongeza kwa kuchagua mfano unaohesabika kwa mkono. Wengi wanaokuja na swali la namna hii huwa na atomu 200 na faili lisilofunguka.

Programu yako ni nzima. Nimekaa nayo jioni hii, na mfano wako wote unafunga kwa fomula mbili. Mbadilishano kamili ni

Ex = −√(2/π) × arccos(a) / √(1 − a²)

na LDA ni

Ex = −0.682 / a^(1/3).

Weka a = 0.1 kwenye ya kwanza: arccos yake ni 1.4706, gawa kwa 0.9950, zidisha kwa 0.7979, unapata 1.179. Ya pili, mzizi wa tatu wa 0.1 ni 0.4642, na 0.682 ukigawa kwa hiyo unapata 1.469. Ni tarakimu zako zilezile. Usipoteze wiki ya nne kwenye wavu.

Sasa zitazame hizo fomula mbili a inapoelekea sifuri. Ya kwanza inatulia. arccos(0) ni π/2, kwa hiyo inafika √(π/2), yaani 1.253, na kusimama hapo. Hiyo ndiyo thamani ya nukta bapa kabisa. Ya pili haisimami popote. Inaenda chini bila kikomo. Fomula moja ina sakafu, nyingine haina, na moja ilianza ikiwa juu ya mwenzake. Lazima zikutane njiani. Zinakutana karibu na a = 0.25, na wewe ulisimama hapo hapo kwenye makutano. LDA haikuwa imeimarika. Kosa lake lilikuwa linapita kwenye sifuri likielekea upande wa pili.

Kwa nini haina sakafu? Tazama LDA inafanya nini. Inasimama kwenye pointi moja, inasoma msongamano wa pale pale tu, kisha inajifanya kwamba mazingira yote ni gesi sawia yenye msongamano huo. Katika gesi hiyo kila elektroni imezungukwa na tundu la mbadilishano, eneo ambalo elektroni nyingine ya spini yake hukaa mbali, na tundu hilo ni tufe. Nusu kipenyo cha tufe kinafuata mzizi wa tatu wa nafasi inayotengewa elektroni moja. Ukibana z, msongamano unapanda kama 1/a, tufe linasinyaa kama a^(1/3), na nishati, ambayo ni kinyume cha nusu kipenyo, inakua.

Lakini tundu la kweli kwenye nukta bapa si tufe. Ni kisahani. Upana wake unaamuliwa na nafasi iliyoko kwa upana, kwenye x na y, na huko hukubana kitu. Ukipunguza unene kutoka 0.1 hadi 0.01, kisahani cha kweli kinazidi kuwa chembamba lakini upana wake unabaki uleule, na nishati yake karibu haibadiliki: 1.179 hadi 1.245. LDA haina habari na kisahani. Inaona msongamano umepanda mara kumi, inachora tufe dogo zaidi.

Jambo moja ambalo naomba ulijaribu kwa mkono wako, kwa sababu linafungua macho. Bana nukta kwa pande zote tatu kwa kiasi kilekile. Utaona ukweli unakua kama 1/upana, na LDA nayo inakua kama 1/upana, hatua kwa hatua, kosa likibaki asilimia 14 au 15 ileile. LDA inajua kubanwa sawasawa. Haijui kubanwa upande mmoja. Kwa hiyo usiandike kwamba "LDA hushindwa msongamano ukiwa mkubwa". Msongamano mkubwa wenyewe hauiumizi.

Kuhusu PBE: haikuwa na namna ya kukuokoa. Mbadilishano wa PBE ni wa LDA uliozidishwa, pointi kwa pointi, na kizidisho kisichoshuka chini ya 1 wala kupita 1.804. Pale ambapo LDA iko juu ya ukweli (kosa la asilimia 15 la upungufu), kizidisho hicho ni dawa. Pale ambapo LDA imeshapitiliza, kizidisho hicho hicho ni sumu, maana kinaongeza tu. Tena kwenye tabaka jembamba mteremko kwa upande wa z ni mkali mno, kwa hiyo kizidisho kinakimbilia kwenye 1.804. Ukifika a = 0.001 utaona PBE inakaribia mara 1.8 ya LDA. Jaribu uone.

---

Tabaka_Bapa

Mkuu, asante sana. Nimejaribu kubana pande zote tatu na ni kweli kabisa, uwiano ni 0.855 kila mahali, haubadiliki hata tarakimu ya nne. Nilikuwa nimeshaandika ile sentensi ya msongamano mkubwa. Nimeifuta.

Sasa nina maswali mawili. Kwanza, kama shida ni kwamba LDA ilijengwa juu ya gesi ya pande tatu, si nitumie tu LDA ya pande mbili nikae kwa amani? Pili, nukta za kweli za maabara ziko wapi kwenye jedwali langu? Nisije nikaandika sura nzima juu ya a = 0.01 ambayo haipo duniani.

---

Penseli_na_Karatasi

Nianze na la pili kwa sababu lina jibu la kupima.

Kwenye galiamu aseni, mata inayotumika sana kwa nukta hizo, elektroni hujiendesha kana kwamba uzito wake ni 0.067 ya kawaida, na kipimo cha dielektriki (mara ngapi mata hupunguza nguvu ya umeme kati ya elektroni) ni takriban 12.4. Ukigeuza vipimo, hartree moja ya humo ndani ni kama meV 11.9, na nusu kipenyo cha Bohr ni kama nanomita 9.8. Nukta yenye mtego wa meV 3 ina ω ya karibu 0.25, na upana wake ni karibu mara mbili ya hiyo Bohr, tuseme nanomita 20. Tabaka lenyewe likiwa na unene wa nanomita 10, uwiano wa unene kwa upana ni nusu. Na kwa mbadilishano peke yake, uwiano huo ndio pekee wenye maana (ni ile ile hoja ya kubana pande zote). Kwa hiyo nukta hiyo ya elektroni mbili inaangukia kwenye mstari wako wa pili: LDA ya pande tatu inatoa asilimia 89 ya ukweli. Si mbaya sana. Lakini tabaka likiwa la nanomita 5 unaingia kwenye makutano, na kila mtu atasema LDA ni nzuri ajabu. Mata ya tabaka moja la atomu iko kushoto zaidi, ila kule kuna mambo mengine na namwachia anayeyajua kwa karibu.

Sasa LDA ya pande mbili. Ndiyo, itumie, ina sakafu. Lakini amani hutaipata yote. Nishati ya mbadilishano kwa elektroni moja kwenye gesi bapa ni −0.600/rs (rs ni nusu kipenyo cha duara linalotengewa elektroni moja), ambayo kwa msongamano wa bapa n inakuwa −1.0638 × √n. Chukua msongamano wako wa Gauss, (2/π) exp(−r²), jumlisha n kwa kipeo cha 3/2. Jumla hiyo nayo inatoka 1.0638. Namba ileile! Niliangalia mara mbili nikidhani nimekosea. Ukizidisha, LDA ya pande mbili ni −32/(9π), yaani −1.132. Ukweli ni −1.253. Upungufu wa karibu asilimia 10.

Korelesheni ya LDA hiyo inatoka kwenye Monte Carlo ya kwanta (hesabu ya kompyuta inayotumia namba za nasibu) ya gesi bapa, kwanza Tanatar na Ceperley mwaka 1989, kisha Attaccalite na wenzake mwaka 2002 ambao walishughulikia vizuri pia hali ambapo spini zimeelemea upande mmoja. Unapojumlisha mbadilishano na korelesheni makosa yanapunguzana, kwa kuwa mbadilishano ni pungufu na korelesheni huwa imezidi. Kwa hiyo usiripoti jumla peke yake. Ripoti kila kimoja.

Una bahati nyingine pia. Elektroni mbili bapa kwenye ω = 1 zina jibu kamili linaloandikika kwa mstari mmoja: funksheni ya wimbi ni (1 + r12) mara Gauss, r12 ikiwa umbali kati ya elektroni hizo, na nishati ni 3 kamili. Taut ndiye aliyetuonyesha familia hii ya majibu, miaka ya tisini. Gauss yako iliyogandishwa inatoa 2 + 1.253 = 3.253. Hartree-Fock (mbadilishano kamili bila korelesheni) ikiachwa ijirekebishe inashuka hadi 3.162. Kinachobaki, 0.162, ndicho korelesheni. Weka namba hizo tatu ukutani mbele ya meza yako. Funksheneli yoyote utakayoletewa, iulize kwanza swali hilo.

Halafu fanya jaribio la elektroni moja. Elektroni moja haina wa kusukumana naye, kwa hiyo Hartree na mbadilishano lazima vifutane hadi sifuri. Kwenye nukta bapa, Hartree yake ni 0.627, LDA yenye spini inarudisha 0.566. Inabaki 0.061: elektroni inajisukuma yenyewe. Lifanye hilo kwenye unene wako wote, kwa LDA ya pande tatu, kisha utuambie.

---

Salfa_Mbili

Naingia kwa sababu nimeitwa bila kutajwa jina.

Mimi nafanya kazi na tabaka moja la molibdenamu disalfaidi, MoS2. Na nilianguka kwenye shimo la dada Tabaka_Bapa, isipokuwa langu lilikuwa refu zaidi na nilikaa humo mwaka mzima.

Nilikokotoa pengo la nishati kwa PBE nikapata karibu eV 1.7. Nikachukua vipimo vya mwanga. Tangu mwaka 2010 inajulikana kwamba tabaka moja la MoS2 hutoa mwanga kwa nguvu kuliko matabaka mengi, na kilele chake kiko karibu na eV 1.9. Nikaona 1.7 na 1.9 ni majirani, tena wote tunajua PBE hupunguza mapengo kidogo, nikasema basi, PBE inafaa kwa mata ya tabaka moja. Niliiweka kwenye bango la mkutano. Mtu mmoja alisimama mbele ya bango, akasoma kimya, akaniuliza: "Umelinganisha nini na nini?"

Kwa sababu ule mwanga si pengo. Mwanga unapopiga, elektroni inapanda na kuacha shimo, na viwili hivyo vinashikana kuwa eksitoni. Kwenye mata nene mvutano huo unakingwa na elektroni zote zinazozunguka, eksitoni inakuwa legelege. Kwenye tabaka moja, mistari ya umeme inatoka nje na kupita kwenye utupu ambako hakuna cha kuikinga. Eksitoni inashikana kwa zaidi ya nusu eV. Pengo la kweli, lile la kuondoa elektroni moja na kuongeza nyingine, kwa hesabu za GW (njia nzito kuliko DFT ya kawaida, inayohesabu jinsi elektroni zinavyokinga umeme) ni kama eV 2.7 hadi 2.8. PBE imekosea kwa zaidi ya eV moja! Na mshikamano wa eksitoni, ambao PBE haina habari nao hata kidogo, unakaribia ukubwa uleule kwa upande wa pili. Ndiyo maana namba zinafanana.

Kilichonichelewesha kugundua ni kwamba bahati hii ina mizizi. Ukiliweka tabaka juu ya kitu kinachokinga umeme, pengo la kweli linapungua, na mshikamano wa eksitoni nao unapungua karibu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo kilele cha mwanga hakisogei sana. Pengo la PBE nalo halisogei. Nilibadilisha sakafu ya tabaka mara tatu, mfanano ukabaki, nikasema huo ni uthibitisho. Vitu viwili visivyosogea, kila kimoja kwa sababu yake.

Dada, angalizo la kazi: ukifika kwenye GW, umbali wa utupu kati ya tabaka na nakala zake kwenye kisanduku si jambo dogo. PBE huridhika na angstromu 15. GW haitulii, kwa sababu nguvu ya umeme hufika mbali na matabaka jirani yanakingana. Kata nguvu hiyo kwenye mwelekeo wa z, programu nyingi zina kitufe chake. Nilimwona mwenzangu akiongeza utupu kwa miezi akingoja namba itulie.

Na kuhusu LDA "kufaa" kwa matabaka, mfano mkongwe ni grafiti. Umbali kati ya matabaka ni angstromu 3.35. LDA inatoa karibu 3.3, PBE inayaachanisha hadi kupita 4 na karibu haiyashikanishi kabisa. Ukiishia hapo utasema LDA inaelewa grafiti. Lakini kinachoshikanisha matabaka hayo ni nguvu ya van der Waals, na LDA haina chembe ya nguvu hiyo ya masafa marefu. Ilifika mahali sahihi kwa njia isiyokuwepo.

---

Waya_Mwembamba

Kwa ufupi tu, kwa upande wa waya.

Ukitaka kuona ugonjwa huu ukiwa mkali, bana pande mbili badala ya moja. Waya wenye nusu kipenyo b: msongamano unapanda kama 1/b², kwa hiyo mbadilishano wa LDA kwa elektroni moja unakua kama b^(−2/3). Ukweli nao haufiki sakafu safari hii, kwa kuwa nguvu ya Coulomb kwenye mstari mmoja haina mwisho mzuri, lakini unakua kwa logi ya 1/b tu. Logi inatambaa, kipeo kinakimbia. Makutano yapo na huku pia, na yana watu waliowahi kuyafurahia.

Ila sikubaliani kidogo na Penseli anapotia uzito wote kwenye mbadilishano. Kwenye waya wenye elektroni chache kwa urefu, elektroni hujipanga kwa zamu, kila moja kwenye nafasi yake, na kwa wakati huo tatizo si tufe wala kisahani. Gesi sawia yenyewe si kielelezo kizuri tena cha mahali pa kuanzia. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kubadilisha kielelezo: mnyororo wa Hubbard (mfano wa elektroni zinazoruka kati ya vituo vilivyopangwa kwenye mstari) ulitatuliwa kikamilifu na Lieb na Wu mwaka 1968, na mwaka 2003 Capelle na wenzake wakatengeneza LDA inayosimama juu ya jibu hilo badala ya gesi. Hiyo inaonyesha pengo la Mott (pengo la nishati linalotokana na elektroni kusukumana) mnyororo ukiwa nusu kujaa, kitu ambacho LDA ya gesi haitakionyesha hata ukiisubiri mpaka kesho. Bado ni LDA, bado inasoma pale pale tu. Kilichobadilika ni mzazi wake.

---

Penseli_na_Karatasi

Waya, nimekuelewa na nakubali. Nilishughulika na mbadilishano kwa sababu ndicho alichopima. Kwenye waya wenye elektroni chache, mbadilishano mzuri peke yake haukufikishi.

---

Tabaka_Bapa

Nimerudi. Nimefanya jaribio la elektroni moja, LDA ya pande tatu yenye spini. Hiki ndicho kinachobaki baada ya Hartree na mbadilishano kufutana, kwa hartree:

a = 1: +0.058
a = 0.5: +0.053
a = 0.25: +0.002
a = 0.1: −0.145
a = 0.01: −0.960

Nilikaa na mistari hii muda mrefu. Pale juu elektroni inajisukuma, kama vitabu vyote vinavyosema. Kwenye 0.25 inaonekana imepona. Chini yake inajivuta yenyewe, na kwenye 0.01 inajivuta kwa karibu hartree nzima. Elektroni moja, peke yake, haina mwenzake popote kwenye kisanduku.

Nadhani nisingeuelewa ule mstari wa katikati kama nisingeona alama ikigeuka. Kwenye jedwali la elektroni mbili niliona namba mbili zinazofanana, na macho yalikubali haraka. Hapa naona + na − na kati yake 0.002, na ni wazi kwamba ile 0.002 ni ya kupita tu.

Nimefanya pia ya pande mbili kama mkuu alivyosema: 0.061 imetoka, na −1.132 imetoka. Namba tatu, 3.253, 3.162 na 3, ziko ukutani.

Dada Salfa_Mbili, swali lako la bango, "umelinganisha nini na nini", nimeliandika kwa kalamu nyekundu juu ya kila mchoro wa sura ya tatu. Michoro miwili imeshindwa kulijibu, nimeitoa. Mmoja ulikuwa ule wa asilimia nusu. Mahali pake nimeweka mchoro wa kosa lenyewe dhidi ya a, kuanzia 1 hadi 0.01, ukikata mstari wa sifuri karibu na robo. Sura imekuwa fupi kwa kurasa nne.

Waya_Mwembamba, nikimaliza hii nitakutafuta. Nataka kuanza kuubana upande wa y pia, polepole, nione bapa linapogeuka waya yale makutano yanahamia wapi.